Nani Alipaka Kabati la Kipini

Bura, 11 Februari 2024

Wifi yangu Stacy,

Nakusalimu wewe, nawasalimu wateja wako wa chai na mahamri, na hata yule paka wako mwizi. Sisi huku tu wazima. Mama mguu unamsumbua asubuhi, lakini jua likipanda anatembea mwenyewe mpaka mferejini. Watoto wa kaka yako wameizoea shule ya huku na wamejifunza Kisomali cha uwanjani, sasa wananisengenya mimi mama yao nikiwa nimekaa hapohapo. Maji ya mfereji yalikatika, mahindi yakaanza kukunja majani, tukakata tamaa. Yamerudi wiki iliyopita.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu kaka yako hana adabu na simu ya mtu. Nikikutumia ujumbe, yeye ndiye atakayeusoma wa kwanza huku anakunywa chai yako ya bure. Barua hii unaletewa na Jibril, dereva wa lori la mahindi. Jibu lako mpe yeye huyohuyo.

Sasa nakuuliza, na unijibu kama mwanamke mwenzangu. Jibril amenihadithia, tena bila kuulizwa, kwamba siku hizi kuna mama wa Kiorma, mrefu, anaitwa Asli, anaingia karakana ya kaka yako kila asubuhi na kibuyu cha maziwa. Anaingia mapema, anatoka jua la utosi. Stacy, mimi na kaka yako Masha tumeishi pamoja miaka kumi na moja. Maziwa hanywi. Ukimtilia kwenye chai anakisukuma kikombe. Na hata kama sasa amejifunza kuyanywa, ni maziwa gani hayo yanayouzwa asubuhi nzima?

Nina wivu. Nimeliandika neno lenyewe ili usijisumbue kulitafuta. Ingia humo ndani uniambie wanafanya nini.

Kwa nini sirudi nikaone kwa macho yangu, hilo usiniulize.

Wifi yako,
Kaviha


Garsen, 3 Machi 2024

Wifi Kaviha, mwenye mwili Bura na masikio Garsen,

Salamu zako zimefika, na paka amezipokea kwa kuniibia samaki mzima. Mimi sijambo, kibanda hakijambo. Shangazi wa Idsowe amevuna mchele mwaka huu, ametuletea kidogo na maneno mengi. Anauliza lini mke wa Masha atarudi, mguu wa mama yake si ulipona tangu Desemba? Nikamwambia aulize mwenyewe. Nawe umenikataza kuuliza, basi mimi nimekaa katikati na mdomo wangu.

Barua yako nilikaa nayo siku kadhaa nikicheka peke yangu, halafu nikaona si vizuri, mwenzangu huko halali. Nikachukua birika nikaingia karakana bila kubisha, kwa ajili yako wewe.

Kaka yako alikuwa mlango wa nyuma, kwenye randa, maranda yamemjaa mpaka kichwani. Asli alikuwa upande wa pili amepiga magoti, ameshika brashi, anapaka kiti. Hata hakugeuka. Akaniambia, "Stacy, mlango funga, vumbi naingia." Ni karakana ya kaka yangu, na mimi ndiye naambiwa nifunge mlango!

Kumbe maziwa hayanywewi, yanapakwa. Wanayagandisha, wanachuja, wanachanganya na chokaa, inakuwa rangi. Nikamuuliza nani amekufundisha. Akasema, "Masha nasema maziwa. Maziwa mimi najua. Rangi nikaona tu, nikaweza." Na kweli ameweza, brashi yake haiachi mistari. Yule Suleiman wa Kipini mwenye nyumba ya wageni ameagiza kabati kubwa na viti, na hataki rangi ya dukani kwa sababu ya harufu. Ndiyo kazi yenyewe.

Kwa hiyo shusha moyo wako. Nimewachungulia siku tatu na sikuona kitu ila kazi. Mume wako ni wako.

Nakutakia usingizi,
Stacy


Bura, 24 Machi 2024

Stacy,

Mama anakusalimu, watoto wanamsalimu shangazi yao. Mdogo ameng'oka jino la mbele na anatafuna mahindi kwa pembeni. Mvua imeanza kunukia.

Unaniambia nishushe moyo. Niliposikia maziwa nilishuku ni rangi, nikaomba isiwe. Heri ungeniambia umewakuta wameshikana mikono! Hapo ningekuja na Jibril siku hiyohiyo, ningepiga kelele, majirani wangetuamua, yangekwisha. Sasa hili nitamlilia nani?

Rangi ile ni yangu; wewe uliniona napaka tu, hukujua naichanganya na nini, maana nilikuwa naiandaa nyumbani usiku. Nilikwenda kuifuata Malindi na kina mama wa kikundi, nikalala chini juma zima, nikarudi nayo kichwani. Kaka yako alinicheka, akasema maziwa ni ya ndama. Mimi ndiye niliyekuwa naamka kuondoa malai, maana mafuta yakibaki rangi haishiki. Nikagandisha kwa ndimu, nikachuja kwa kanga yangu mwenyewe, nikaharibu vigoda vitatu kabla sijapata kimoja. Yeye alikuwa anakata na kuunga. Mimi nilikuwa namalizia. Tulikaa hivyo miaka, mgongo kwa mgongo, bila kuzungumza sana, na nilikuwa na raha.

Halafu Agosti iliyopita huyo Suleiman akaja. Akapitisha kiganja juu ya kiti changu, taratibu, akauliza, "Rangi hini ni kazi ya nani?" Masha akajibu, "Yangu mimi." Nilikuwa nimesimama palepale, Stacy, brashi mkononi inadondoka. Hata hakunitazama. Juma lililofuata nikapata habari kwamba Mama anaumwa mguu, nikashukuru kupata sababu ya kuondoka.

Masha alikuja huku Krismasi. Akakaa siku mbili, akatengeneza mlango wa choo, akaondoka. Hakusema, nami sikusema.

Kwa hiyo sasa unanielewa. Mwanamke mwingine amepiga magoti mahali pangu na brashi yake haiachi mistari. Hilo la mistari ungeweza kuniachia.

Lakini nikuulize kitu. Kibuyu chake anakifukiza? Kina mama wa Kiorma hukifukiza kibuyu kwa kijinga cha moto kabla ya kukamua, ndiyo maana maziwa yao ni matamu na hayaharibiki upesi. Kwa chai ni sawa. Kwa rangi nyeupe, moshi ule na masizi yake vyote vinakwenda kwenye mbao. Mimi nilikuwa napeleka sufuria yangu, kwa muuzaji mwingine, wakamulie humo. Hilo Masha halijui, maana hakuuliza.

Usiwaambie. Waache wapake. Wewe nieleze tu ilivyotoka.

Kaviha


Garsen, 14 Aprili 2024

Wifi,

Tunamshukuru Mungu tungali juu ya maji. Mto unapanda kila siku, watu wa vijijini wameanza kuhamia barabarani na mbuzi wao, na kibanda changu kimekuwa baraza la wakimbizi wa chai. Jibril anasema akipita leo hajui atarudi lini. Salimia Mama. Mwambie mdogo jino alitupe juu ya paa.

Sikuwaambia. Nilifunga mdomo kama ulivyotaka, na ilitoka kama ulivyosema. Weupe haukuwa weupe. Ni kijivu, ndani yake kuna uchai kidogo. Kaka yako alitazama kabati lile akavua kofia. Akamwambia Asli, "Tutakwangua, tuanze upya." Nikasema moyoni, wifi yangu amemshinda mtu akiwa mbali.

Basi Suleiman si akafika siku hiyohiyo? Akalizunguka kabati. Akarudi nyuma, akasogea mbele, akanusa. Akasema, "Hini ndiyo niitakayo. Nyeupe watu wote wanayo." Ameongeza na meza mbili, zote ziwe za moshi vivyo hivyo. Asli akajifunika mdomo kwa shuka lake na kucheka.

Najua utakachouliza. Ndiyo, aliuliza tena ni kazi ya nani. Kaka yako akatazama chini, akasema, "Ni kazi ya karakana." Mimi nilikuwa namimina chai, nilimwona. Halikumtoka vizuri lile neno.

Sasa kuna shida. Nilimpa Suleiman chai, akaweka kikombe juu ya kiti, akakiondoa, pakabaki duara ambalo halifutiki. Anataka kila kitu kipakwe mafuta ya kukinga maji. Kaka anasema wewe ulikuwa na mafuta yako ya kumalizia kwenye chupa isiyo na karatasi ya jina. Hajui ni yapi. Nikamwambia mpigie mkeo. Akaokota patasi, akairudisha. Anaona haya, wifi. Kanituma mimi. Ni mafuta gani?

Na mimi pia nina langu, usifikiri ni wewe peke yako. Tangu utoto kaka alikuwa akiniuliza mimi kila kitu, ukaja wewe, akaacha kuniuliza. Nikakuchukia mwaka mzima, kisha nikachoka. Sasa Asli anapewa chai kwa kikombe changu cha maua, kile ambacho hata wewe hukupewa. Sikumpa mimi. Kaka ndiye anayekichukua rafuni.

Nijibu haraka, kama barabara itaruhusu.

Stacy


Bura, 9 Juni 2024

Wifi yangu mpenzi,

Barua yako ya Aprili imenifikia juzi, imelowa pembe zote. Jibril alikwama ng'ambo na lori mpaka maji yalipopungua. Mungu ni mwema, mahindi ya bondeni yameoza lakini nyumba imesimama, na Mama anakusalimu kwa furaha.

Nimefurahi sana kusikia Suleiman ameipenda rangi ya moshi. Mpe Asli hongera zangu. Ana kipaji.

Mafuta ni ya nazi. Ndiyo niliyokuwa nikitumia siku zote. Yawe mazuri, ya kukamua nyumbani, wala wasiyafanyie choyo. Asli apake mara tatu, kila pembe, ndani na nje. Kwa kuwa yeye ndiye fundi wa rangi sasa, ayapake yeye mwenyewe.

Usiseme ni mimi niliyekwambia. Sema umesikia tu.

Wako akupendaye,
Kaviha


Garsen, 14 Julai 2024

Kaviha,

Leo salamu utazikuta mwisho, kama zitabaki.

Ulinikataza nisikutaje. Nilikutaja. Niliona kaka amekonda kwa kukungoja, nikasema nimpe furaha kidogo. Nikamwambia, "Wifi ameandika. Mafuta ni ya nazi."

Akaacha kazi. Akasema, "Nazi? Si yatabaki mabichi juu ya mbao?"

Nikamwambia mimi sijui, mimi ni mtu wa mahamri.

Akauliza, "Kaviha mwenyewe ndiye aliyesema?"

"Ndiye."

"Basi ni nazi."

Hakuuliza tena. Asli alikuna nazi kwa mikono yake nyumbani kwangu, akakamua, akachemsha, akapaka mara tatu kila pembe, ndani na nje. Kabati likang'aa, watu wakaja kulitazama. Likapelekwa Kipini.

Wiki iliyopita Suleiman alilirudisha kwa pikapu. Sisimizi wameingia mpaka kwenye bawaba. Vumbi limeganda juu yake, ukigusa kidole kinatoka cheusi. Mgeni wake mmoja aliliegemea na gauni la harusi. Na lilikuwa linanuka, wifi, ule uchachu wa nazi iliyolala. Ilikuwa siku ya soko. Garsen nzima ilikuwa mbele ya kibanda changu.

Asli alianza kulia. Akasema, "Mimi naharibu. Kazi yangu, mimi naharibu." Suleiman akamgeukia yeye, naye si mtu wa kutukana, lakini alikuwa amekunja uso.

Kaka akasimama katikati yao. Akasema, mbele ya watu wote, "Si huyu. Rangi hii ni ya mke wangu Kaviha. Yeye ndiye aliyeileta Garsen. Mwaka jana uliniuliza nikasema yangu, nikakudanganya. Viti ulivyovipenda ni mkono wake. Na mafuta haya ni yeye aliyeyasema."

Suleiman akauliza, "Fundi kama huyo hajui kwamba nazi haikauki?"

Nilimtazama kaka yangu. Akasema, "Anajua. Niachie kabati hapa mpaka aje."

Suleiman amempa mpaka mwisho wa Agosti. Baada ya hapo kazi yote, na meza, na samani za vyumba vipya anavyovijenga, vyote vinakwenda kwa fundi wa Malindi. Kaka hajasema neno juu yako tangu siku ile. Anakula, anafagia maranda, anakaa karibu na lile kabati.

Ulitaka jina lako litajwe, nami nilitaka pia, nisikufiche. Limetajwa. Watoto wa soko wanalijua. Wanalitaja wakiwaonyesha wenzao sisimizi.

Usinijibu mimi kama ulijua. Mimi ni wifi tu.

Salamu kwa Mama na watoto.
Stacy


Bura, 21 Julai 2024

Stacy,

Mama hajambo. Watoto nitawaacha naye.

Nilijua. Mafuta yangu yalikuwa ya kitani, yale wanayoita linsidi, yanauzwa kwenye duka la mbao Malindi. Yanachelewa kukauka lakini yanakauka, na yakikauka hata maji ya moto hayapiti. Nilipoandika nazi nilikuwa nacheka. Niliona sisimizi wakimwingia Asli kwenye jina lake, nikafurahi, nikala chakula cha mchana vizuri kabisa.

Sasa sili. Barua yako naisoma mahali pamoja tu, pale aliposema basi ni nazi. Nimekaa mwaka mzima nikimngoja aseme mbele ya watu kwamba kazi ni yangu. Na kumbe nikiwa mbali, nimemnunia, sijampa hata salamu, neno langu lilimtosha kuliko anachokijua yeye mwenyewe kuhusu mbao. Hilo, imani yake kwangu, sikulionea wivu wa kulilinda. Nililichukua nikalipaka nazi mara tatu.

Mwambie Asli asikwangue kitu. Walitoe kabati nje, waweke miguu yake kwenye makopo ya maji ili sisimizi wasipande tena. Wayeyushe magadi kwenye maji ya moto, wafute kwa kitambaa, wafute tena siku ya pili, waache lipigwe na upepo. Rangi itapauka kidogo. Nitapaka juu yake, na maziwa ya kufukiza nitayahitaji kwake, maana mimi ile rangi ya moshi siiwezi. Bado nina wivu naye, usimwambie. Au mwambie, atajua tu nikifika. Brashi yake aihifadhi, sisi wawili hatutatumia moja.

Nakuja Jumatano kwa basi, lakini sitashuka Garsen. Napita moja kwa moja mpaka Malindi kuchukua mafuta, kwa sababu sitasimama mbele ya Masha mikono mitupu. Ukiniona dirishani basi likisimama kituoni, usiniite. Nitarudi Alhamisi.

Masha atakuuliza maji ya magadi yamesemwa na nani. Mwambie ni mkewe. Akitaka kujaribu kwanza kwenye kipande cha mbao mbovu kabla ya kuligusa kabati, mwache ajaribu. Na hiyo Alhamisi, nikimwekea chupa mezani, afungue mwenyewe, anuse, apake kwenye kidole, angoje mpaka aone kama yanakauka. Nitakaa nje kwenye benchi lako nimngoje.

Kaviha